Gauni Moja, Shughuli Nne: Namna ya Kubadili Vazi la Harusi kwa Mapambo Huku Kwenye Baridi

Mtu mwenye ndugu na marafiki wengi hapa Mbeya anajua kwamba harusi haiji peke yake. Hutanguliwa na kuvishana pete, kicheni pati na sendofu, kisha siku yenyewe ikishapita wanakamati hukutana tena kuvunja kamati, na katika shughuli zote hizo nyuso ni zilezile: shangazi yuleyule wa meza ya mbele, mpiga picha yuleyule, na kundi lilelile la WhatsApp ambamo picha humwagwa kabla watu hawajafika nyumbani. Ukishatoa mchango, ukahesabu na nauli ya kwenda Tukuyu au Mafinga, fedha ya kushona gauni jipya kwa kila shughuli huwa haipo, na mimi ninayeishi kwa mshahara wa ualimu niliacha zamani kujifanya kwamba ipo.

Nitaeleza namna ninavyolivaa gauni moja katika shughuli tatu au nne za harusi moja bila kuonekana nimerudia. Ushauri mwingi wa mavazi tunaousoma umeandikwa na watu wa Dar es Salaam, ambako mtu anaweza kukaa mabega wazi hadi saa sita za usiku akijipepea. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti, ikifika saa mbili za usiku, ukumbi mzima umeshajifunika: utaona gauni la lasi la gharama kubwa limekaa chini ya sweta la kijani ambalo mwenyewe analivaa akienda kukamua ng'ombe. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo azipeleke kwenye vitu viwili, yaani kile kinachofunika mabega na kile kinachouzunguka uso, na gauni lenyewe liwe la kawaida kabisa.

Gauni la msingi

Gauni linalobadilika kirahisi ni lile ambalo peke yake halina habari. Liwe la rangi moja, lisilometa, lenye shingo ya duara au ya V isiyo na pambo lolote, mikono inayofika angalau kwenye kiwiko, na urefu wa kuvuka magoti. Kitambaa kiwe na uzito kidogo ili kitulie mwilini hata mkanda unapokazwa juu yake. Satini nyepesi hujikunja kiunoni na huonyesha kila tone la maji na la soda. Gauni lenye vimetameta kifuani lipendeze vipi, watu watalikumbuka kwa hivyo vimetameta, nawe utakuwa umelivaa mara moja tu.

Kuhusu rangi, mimi ni mtu wa damu ya mzee. Hukubali dhahabu, hukubali rangi ya maziwa, hukubali waridi, na kamati nyingi zikichagua rangi za harusi hazikosi mojawapo ya hizo. Bluu ya usiku na kijani cha chupa hufanya kazi karibu sawa. Nyeupe ni ya bibi harusi, na nyeusi huku kwetu bado kuna wazee wanaoitazama kwa jicho la msiba, hata kama hawatasema mbele yako.

Unapompelekea fundi, mwombe mambo matatu ambayo hayamgharimu zaidi ya nusu saa. La kwanza, aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni, kwa sababu mwili wa Juni si mwili wa Desemba. La pili, ashone vitanzi vidogo vya uzi kiunoni, kulia na kushoto, ili mkanda wowote utakaouvaa usipande mbavuni ukicheza. La tatu, ambalo ndilo lenye faida kuliko yote, aweke vifungo vidogo vya kubonyeza kuizunguka shingo kwa ndani, sita au saba, ambavyo havionekani gauni likivaliwa peke yake lakini ndivyo vitakavyoshika kola za kuvaa na kuvua. Fundi wangu wa Mwanjelwa alipoambiwa hivyo mara ya kwanza alinitazama juu ya miwani akasema, "Mwalimu, unataka gauni au unataka pazia?" Leo anawashonea hivyo wateja wengine na hasemi wazo alilipata wapi.

Koti, kwa sababu ya baridi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Kwenye mitumba huku nyanda za juu makoti ya sufu hayakosekani, kwa kuwa wauzaji wanajua hali ya hewa ya wateja wao, nalo koti zuri mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kuliko gauni la sherehe, maana wengi huliona ni nguo ya kwendea shamba. Tafuta la rangi moja, linaloishia kiunoni au juu kidogo ya magoti, lenye mabega yanayokaa sawasawa. Mabega ndiyo usiyoweza kuyarekebisha kwa gharama ndogo. Mikono hufupishwa, kiuno hubanwa, bitana hubadilishwa, lakini bega lililoanguka litabaki limeanguka. Litazame kwenye mwanga wa jua, kwa sababu nondo wakishalitoboa matundu huwa madogo sana na yanaonekana tu ukilinyanyua dhidi ya mwanga. Pitisha mkono kwapani kwa ndani: bitana iliyokakamaa hapo ni ya jasho la zamani, na harufu yake itarudi ukumbi ukijaa watu.

Ukishalipata, toa vifungo vyake vyote. Hakuna badiliko la bei nafuu linalozidi hili. Vifungo vya plastiki vyeusi vikiondolewa na kuwekwa vya rangi ya dhahabu, au vilivyofunikwa kwa kitenge, koti lililokuwa la ofisini linakuwa la harusini. Usiviache vile vya zamani vipotee; vitie kwenye kichupa, kwa kuwa shughuli nyingine utavirudisha. Kisha chukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye sare ya zamani, kila nyumba ina mfuko wa vipande hivyo, ukate ukanda wa kufunika kola na mwingine wa kukunjia mwisho wa mikono kwa kina cha vidole vinne. Usimwambie fundi aushone kwa cherehani. Shonea kwa mkono, kwa mishono mirefu, ili ukitoka shughuli hii uifumue kwa dakika kumi na kuweka kitenge kingine. Kitenge cha wax huonekana karibu sawasawa pande zote mbili, hivyo mkunjo wa mkono hata ukigeuka hauaibishi.

Siku ya sendofu koti livaliwe limefungwa, na kilemba cha kitenge kilekile cha kwenye kola. Siku ya harusi litupiwe mabegani bila kuingiza mikono, gauni likionekana mbele, na mkufu mkubwa. Siku ya tatu liachwe nyumbani na mtandio mpana wa sufu uchukue nafasi yake, ukiwa umekunjwa kwa urefu, umepitishwa bega moja na kubanwa kiunoni chini ya mkanda. Pini ya kuushikilia mtandio begani iwe moja tu na iwe kubwa. Pini tatu ndogo hufanya mtu aonekane ameambiwa asimame vizuri. Ukikosa pini ya maana, hereni moja ambayo mwenzake alipotea, ikishonewa pini ya kawaida kwa nyuma, inatosha, na nadhani hakuna mwanamke asiye na hereni ya namna hiyo ndani ya droo.

Mtandio wa sufu una adui mmoja, nayo ni lasi. Nyuzi zake hunasa kwenye lasi na kwenye hereni zenye ncha, ukaukuta umevutika nyuzi ndefu kabla hata ya keki kukatwa. Ukiuvaa, vaa hereni za mviringo laini.

Kilemba

Kilemba hubadilisha uso kuliko kitu kingine chochote, nacho kinatoka kwenye kitambaa kidogo. Kitenge huwa na upana wa takriban sentimeta 115, kwa hiyo mita mbili ukizipasua katikati kwa urefu unapata vilemba viwili vya upana wa sentimeta 57 hivi: kimoja chako, kingine cha dada yako, nanyi mnagawana bei. Kitambaa laini mno hulala kichwani kama kitambaa cha mgonjwa. Kipe ugumu kwa wanga wa muhogo: koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga katika maji baridi kidogo, mimina ndani ya lita moja ya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka yawe kama uji mwembamba, acha yapoe, tumbukiza kilemba, kikamue, kianike kivulini, na ukipige pasi kingali na unyevunyevu. Ukitumia pasi ya mkaa, ifute chini kila baada ya dakika chache na uipulizie majivu yake nje ya dirisha, kwa sababu jivu likitua juu ya wanga mbichi halitoki.

Kukifunga, inama kidogo, weka katikati ya kitambaa kisogoni, vuta ncha mbili mbele zikifunika sehemu ya juu ya masikio, zipishane kwenye paji la uso, kisha rudisha moja nyuma na uibane. Ile ncha inayobaki ndiyo ya kuchezea: siku moja ikunjwe kama feni upande wa kulia, siku nyingine izungushwe kuwa fundo kubwa mbele, siku ya tatu ifichwe kabisa ili kilemba kiwe cha duara na hereni zichukue kazi. Mkunjo mmoja uliokazwa vizuri unatosha. Kilemba kirefu kupita kiasi humnyima bwana aliyekaa nyuma yako kuona maharusi wakiingia, na MC hana huruma na watu wa namna hiyo.

Nina kisa kimoja cha kilemba ambacho bado kinaniuma. Nilikwenda harusini Tukuyu nikiwa na gauni la rangi ya maziwa na kilemba chekundu cha kitenge kipya nilichokinunua juzi yake, wala sikukitia majini hata mara moja. Mvua ya Tukuyu haihitaji kutambulishwa. Ilitukuta kati ya kanisa na ukumbi, mwendo wa dakika tano tu, na nilipoketi mezani binti mmoja aliyekuwa akigawa soda aliniambia kwa upole, "Shikamoo mama, una damu shingoni." Haikuwa damu. Rangi ilikuwa imeshuka kutoka kichwani hadi kifuani kwa michirizi mitatu, na gauni lile halikurudia hali yake tena. Tangu siku hiyo kitenge kipya nakisuuza kwa maji baridi, nabadilisha maji, nasuuza tena, hata mara tano, mpaka maji yabaki meupe. Kisha nakisugua kingali kibichi kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi, kitenge hicho hakipandi juu ya nguo nyepesi, hata kama siku ni ya kiangazi.

Shingo, masikio na kiuno

Kola ya kuvaa na kuvua hukatwa kwa kufuata shingo ya gauni lenyewe: laza gauni mezani, weka gazeti juu yake, chora mzingo wa shingo, ongeza upana wa vidole vitano, kata. Kwa kipimo hicho unaweza kutengeneza kola ya lasi, kola ya kitenge iliyokazwa kwa kitambaa kigumu kinachotiwa ndani ya kola za mashati, na kola ya shanga iliyoshonewa juu ya kipande cha gauni lenyewe. Shanga utungie uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kwa maana uzi wa pamba hulegea na hukatika wakati usiotakiwa, na shanga zikimwagika kwenye sakafu ya ukumbi utaziokota na watoto. Mjini Iringa, karakana ya Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na inayoajiri watu wenye ulemavu, huuza mapambo ya shanga yanayofaa sana kwa kazi hii.

Kola ikishakuwa na mapambo, mkufu haina haja. Shingo iliyofungwa inataka hereni kubwa na shingo ya V inataka mkufu mmoja unaofuata mzingo wake. Kuvaa vyote kwa pamoja na kilemba juu ni kumchosha anayekutazama. Mikufu ya bei ndogo huacha alama ya kijani shingoni, na dawa yake ni kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi sehemu inayogusa ngozi na kuiacha ikauke kabisa. Bangili za shaba nyeupe na nyekundu zilizofifia husuguliwa kwa ndimu na chumvi, zikasuuzwa na kukaushwa mara moja. Usifanye hivyo kwa zile zilizopakwa tu rangi ya dhahabu, maana utaitoa yote.

Kiunoni, kibwebwe cha kitenge chenye upana wa sentimeta 12 na urefu wa kiuno chako mara mbili, kikizungushwa na kufungwa ubavuni, kitageuza gauni lililonyooka kuwa lenye umbo. Wenye tumbo kubwa kama langu wakifunge juu kidogo, chini ya kifua.

Mkoba nitautaja kwa sababu tunao wa kwetu. Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu na akina mama wa Kihehe, ukichukua kile kidogo na kukishonea ndani mfuko wa kitenge unaofungwa kwa kamba, unakuwa na mkoba ambao hakuna mwingine ukumbini anao sawa nao, na ukitaka kuubadilisha unatoa tu mfuko wa ndani. Viatu havihitaji maneno mengi: viwe vimefunika vidole, kisigino kipana kisichozama kwenye nyasi za uwanja wa kanisa, na uvibebe mkononi huku umevaa raba mpaka mlangoni. Kwa akina baba, kizibao na tai vilivyoshonwa kutokana na kipande kile kile cha mkewe vinatosha kulifanya suti la mwaka juzi lionekane la leo.

Kuhusu sare

Sare ndiyo inayokula fedha kuliko yote, na ndiyo ambayo watu huona aibu kuizungumzia. Kamati ikitangaza kitenge cha yadi sita kwa kila mama, wengi hununua kimya kimya kwa mkopo. Mimi hutangulia kumfuata mweka hazina, kabla orodha haijafungwa, tena ana kwa ana, siyo kwenye kundi. Mara ya mwisho nilimwambia, "Mama, mchango wangu nimemaliza. Kwenye sare naomba nichukue mita mbili tu, nitatoa kilemba, kibwebwe na kola, na gauni nitavaa la rangi mliyoichagua." Alifikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, basi kaa meza yetu ya pili, na uwaambie na wale wa shuleni kwenu." Hakuna aliyeonekana kutokuwa na sare siku ile, kwa mbali, vilemba ndivyo vilivyoonekana. Ila ukiwa mama mzazi, msimamizi, au dada wa bibi harusi wa tumbo moja, usiombe hivyo. Shona gauni zima, ndiyo nafasi yako.

Hesabu ya daftari langu kwa shughuli nne za mwisho ilikuwa hivi. Gauni: kitambaa mita tatu kwa shilingi 12,000 kila mita, ushonaji 30,000, zipu na uzi 4,000, jumla 70,000. Mapambo: kitenge mita mbili 12,000, lasi ya kola 9,000, vifungo vya koti 5,000, mtandio 15,000, jumla 41,000. Koti nilikuwa nalo. Yote kwa pamoja ni 111,000, ilhali magauni manne ya namna ile yangefika 280,000. Bei za kwako zitatofautiana, lakini andika. Andika pia, kwenye ukurasa wa pili, ulivaa nini, lini, na mbele ya nani, kwa kuwa watu wa Makambako waliokuona na kola ya lasi mwezi wa sita wataiona mpya ile ya shanga mwezi wa tisa, na watu wa kazini kwako hawakuwahi kuiona yoyote.

Siku moja kabla ya shughuli, vaa kila kitu kwa pamoja, pamoja na koti, kisha mtu akupige picha mbili kwa simu: moja mchana ungali na mwanga wa dirisha, nyingine giza likiingia, kwa mwanga wa simu yenyewe. Kioo hakitoshi. Lasi za bei ndogo ambazo kwa macho zina rangi ya maziwa hung'aa nyeupe kabisa mwanga wa kamera unapozipiga, na baadhi ya mikufu hugeuka kuwa doa la mwanga chini ya kidevu. Kinachokataa kwenye picha hiyo kivue saa hiyohiyo, ukirudishe kwenye kisanduku, na ulale.